Jinsi Papa Augustin Alivyokimbizwa Mara ya Pili

Tulieni, enyi watu wa ukingo wa ziwa, ninyi mnaoanika dagaa wetu, ndakala, juu ya mchanga na ninyi mnaotwanga mihogo huko juu vilimani. Nawe uliyeshuka sasa hivi kwenye treni ya Kabalo na vumbi la safari nzima mabegani, tua mzigo wako, ukalie. Inaletwa mbele yenu habari nzito, habari ya vita vilivyopiganwa Kalemie mchana kweupe bila mkuki wala panga, ambamo silaha zilikuwa ngoma, bidoni za njano za kuchotea maji, chupa tupu, na chanuo la nywele lililozungushiwa karatasi. Na ambamo mzee mwenye tai, mwenye funguo, mwenye kuogopwa, alianguka mbele ya parokia nzima, wala hakuangushwa na mtu, alianguka kwa ulimi wake mwenyewe.

Jemadari wa vita hivyo alikuwa Mama Adrienne, binti wa wavuvi wa Mpala, mwalimu wa shule ya msingi. Huyo ndiye Adrienne Asiyepaza Sauti, ambaye hakumkemea mtoto kwa kelele bali kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kuliogopwa kuliko radi ya ziwani. Kila Jumamosi alasiri alikusanya watoto wa mtaa katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, chumba chenye dirisha moja na harufu ya nta, akawafundisha jambo ambalo wazazi wao hawakulielewa sawasawa: kwamba muziki unaweza kusimulia, tena bila maneno.

Siku ya kwanza aliwaambia wafumbe macho. Akapiga ngoma polepole, akaacha kidogo, akapiga tena, akaacha.

"Nani anakuja?" aliuliza.

"Njo nkambo yangu, anarudi sokoni," alisema Ruben, mtoto mwembamba mwenye meno mengi.

"Umejuaje ni mama mzee?"

"Anapumzika njiani."

Hapo Mama Adrienne akachezesha vidole juu ya bidoni, vyepesi, vingi. Myriam, mdogo kuliko wote, akasema ni mvua inayovuka ziwa kutoka upande wa Kigoma. Fanny, binti wa watu wa reli, msichana ambaye hakuwahi kukubali jambo kabla ya kulipinga, akasema hapana, ni ndakala wanaomwagwa juu ya turubai. Wakabishana mpaka ubishi ukataka kugeuka ngumi.

"Nyote mmesikia kweli," alisema Mama Adrienne. "Sauti peke yake haijaamua kitu. Nikiutanguliza upepo, hiyo ni mvua. Nikitanguliza makasia, hao ni ndakala. Njo hivyo muziki unasimulia: kila sauti inamtazama mwenzake aliyetangulia."

Watoto walilishika neno hilo vizuri. Walilishika, kama mtakavyoona, kupita alivyokusudia.

Basi ikawa siku moja, jeshi likiwa katika kujifunza jinsi chupa inavyoweza kulia kama mtu aliyefiwa, mlango ukafunguka, akaingia Papa Augustin. Nani asiyemjua Papa Augustin, mwenyekiti wa kamati ya parokia, Mshika Funguo, Mlinzi wa Viti, ambaye tai yake haikulegea hata kwenye joto la kuelekea mvua, na ambaye viatu vyake vyeusi vilimtangulia kwa sauti kila alikokwenda? Kwa maana mguu wake wa kushoto ulikanyaga kwa uzito, na wa kuume pia, kisha soli ya huo wa kuume ikalia kwii, kama panya aliyebanwa na mlango. Alisimama katikati ya chumba, akaweka mikono nyuma, akahutubu.

"Mama Adrienne, mimi ni muntu wa kusema wazi. Wimbo wenye maneno naukubali. Maneno yanafundisha, maneno yanaonya, hata muntu wa dhambi akiyasikia anashituka. Lakini hii ngoma yenu isiyokuwa na maneno inasema nini? Leo inasema ndu. Kesho inasema ndu. Na wakati huo viti vya plastiki vya parokia vinapasuka kwenye jua, hata viti vya harusi, kwa sababu chumba chao kimekaliwa na ndu. Kamati imeona vyema viti viingie hapa, na watoto wakacheze nyumbani kwao."

Watoto wakamtazama jemadari wao. Mama Adrienne alinyamaza, na kwa mara ya kwanza kunyamaza kwake hakukumtisha mtu. Alikuwa ameomba chumba hicho kwa miezi, alikuwa amekipaka chokaa kwa mikono yake, na alijua kwamba mtoto aliyetawanywa Jumamosi hakusanyiki tena kwa urahisi. Akainuka, akasema kwa upole ule ule wa siku zote.

"Papa Augustin, wewe ni mkubwa wetu, na mimi siwezi kushindana na kamati. Ninakuomba Jumapili moja tu. Watoto watapiga hadithi uani, baada ya misa, bila neno hata moja. Kama hautaielewa, mimi mwenyewe nitabeba viti kichwani, niviingize humu. Kama utaielewa, chumba kinabaki chao."

Papa Augustin akakuna kidevu. "Na nani atahukumu kama nimeelewa?"

"Wewe mwenyewe, Papa."

Tabasamu la Papa Augustin lilienea polepole. Akakubali, akageuka, akatoka: ndu, ndu, kwii.

"Mama," alisema Fanny alipokuwa amekwenda, "umetuuza. Atasema hakuelewa."

"Pengine," alijibu Mama Adrienne, na kusema kweli hakuwa na hila yoyote mfukoni. Alikuwa ameitegemea heshima ya mzee, basi. "Kazi yetu ni kusimulia vizuri. Chagueni hadithi ninyi wenyewe. Lakini iwe ya kweli, kitu mlichokiona kwa macho yenu, kwa sababu mlichokiona mnakijua mwendo wake."

Watoto wakatazamana. Ruben akaanza kucheka, Fanny akamkanyaga mguu.

"Tunayo," alisema Fanny. "Utuachie tuitengeneze peke yetu."

Wakajifungia. Kelele zilizotoka chumbani mle katika siku zilizofuata ziliwafanya akina mama wa usafi wafanye ishara ya msalaba. Jeshi lilipokuwa tayari, Mama Adrienne aliitwa, akakalishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaambiwa afumbe macho kama alivyokuwa akiwafumbisha wao.

Kwanza chupa ikalia, ting, ting, ting, kijiti kikirukaruka juu yake kwa furaha. Mpira unadunda, aliujua mara moja. Kisha ting moja ya mbali, na kimya. Mpira umepotea. Halafu ngoma kubwa: ndu, ndu, na kidole kilicholoweshwa kikaburuzwa juu ya bidoni: kwii.

Jicho moja la Mama Adrienne likafunguka.

Ndu, ndu, kwii. Ndu, ndu, kwii. Mtu mzito anatembea kwa madaha, anasimama, anaingia mahali. Ndipo Ruben akaweka chanuo lake mdomoni, karatasi ikatetemeka, ikatoka sauti ya ndege mkubwa mwenye hasira na ndevu nyekundu, gulu-gulu-gulu-gulu. Ngoma ikasita. Chanuo likakaribia. Ngoma ikarudi hatua moja. Chanuo likaja juu, na ghafula ndu-ndu-kwii-ndu-ndu-kwii-ndukwii-ndukwii, mguu na soli vimechanganyikana, mpaka Fanny akapanda kwa fimbo kutoka ngoma kubwa hadi ndogo, hadi kopo, hadi kifuniko, juu, juu, na huko juu akaacha kwii moja nyembamba inayotetemeka.

Mama Adrienne alikuwa amekimeza kicheko chake kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mukebuka, na machozi yalimtoka.

"Ilikuwa lini?" aliuliza alipoweza.

Wakamweleza. Likizo ya Pasaka, yeye akiwa Mpala kwa mama yake, mpira wao uliangukia uani kwa Mama Constance, muuza mikate, ambako hutawala bata mzinga dume, dindo, aliyeitwa Komanda na mtaa wote kwa sababu alikagua kila apitaye. Papa Augustin alikuwa akitoka kwenye mkutano. Akaingia. Komanda akamwona. Mshika Funguo akakimbizwa kuzunguka uwanja mzima hadi juu ya rundo la matofali, na watoto walipomwokoa, Mama Constance akiwa sokoni na tai ikiwa mgongoni, alitoa amri: neno moja likitoka mdomoni mwa mutoto yeyote, mutoto huyo hatakanyaga tena chumba cha muziki. Ndiyo maana habari haikuwa imefika popote.

"Na ninyi mnataka kuipiga mbele yake," alisema Mama Adrienne.

"Alikataza mdomo," alisema Fanny. "Hakukataza bidoni."

Hapo, enyi wasikilizaji, jemadari alisimama kwenye njia panda. Akiwakataza, angewafundisha kwamba muziki husimulia mambo yote isipokuwa yale ya kweli. Akiwaruhusu, angemwaibisha mzee mbele ya watu, naye alilelewa asiwacheke wazee. Alitazama dirishani, ambako ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, akazunguka chumba, akarudi kwenye ndoo yake.

"Papa Augustin aliingia mle kutafuta nini?"

"Mpira wetu," alisema Myriam.

"Nani alimtuma?"

"Hakuna. Alitukuta tunalia nje."

"Na mpira mliupata?"

"Ndiyo. Alitutupia."

"Basi mbona kwenye muziki wenu umepotea na haukurudi? Mmempa woga wote, wema mmemnyima. Hiyo si hadithi yake, ni nusu tu. Urudisheni mpira, njo mtapiga."

Wakakubali. Lakini mpira urudi wapi? Ruben aliapa kwamba mzee aliutupa akiwa juu ya matofali. Fanny alidhani ni kabla, ila Fanny wakati huo alikuwa amejificha nyuma ya ukuta akiwa ameziba macho, kwa hiyo ushahidi wake ulidharauliwa. Ikaamuliwa: mpira mwishoni, kutoka juu.

Ikafika Jumapili. Misa ikaisha, watu wakamiminika uani, akina mama katika vitenge vyao vya sikukuu, akina baba wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo, upepo wa ziwa ukiinua kila kitambaa kisichoshikwa. Mbele kabisa, juu ya kiti cha plastiki kilichofutwa vumbi, aliketi Papa Augustin, mguu juu ya mguu, mfano wa hakimu ambaye hukumu yake iko tayari mfukoni. Mama Constance alikaa nyuma yake, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuza mikate kutoka ng'ambo ya barabara. Mama Adrienne akasimama kando, akainamisha kichwa. Ndiyo ilikuwa ishara ya vita.

Ting, ting, ting, ilienda chupa ya Myriam. Watu wakatabasamu, mtoto mmoja wa maziwa akanyoosha mkono kuudaka mpira usioonekana. Mpira ukapotea.

Ndu, ndu, kwii.

Mtu akakohoa huko nyuma. Ndu, ndu, kwii. Kichwa kimoja kikageuka, kisha safu nzima, na macho yote yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu vyeusi vya mwenyekiti. Papa Augustin akaushusha mguu uliokuwa juu ya mwenzake, akaiingiza yote miwili chini ya kiti. Soli ikalia kwii.

Gulu-gulu-gulu, lilisema chanuo. Mama Constance akakaa wima kama mtu aliyesikia jina la wa nyumbani kwake likitajwa redioni. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu hao kitu, nao sasa walikuwa wakiona kila kitu: uwanja, ndege, tai inayopepea. Mbio zilipoanza, mzee wa kwaya alijifunika uso kwa kofia. Fanny alipiga kwa roho yake yote, mashavu ya Ruben yalivimba, ngoma ilipanda matofali moja baada ya jingine, na kutoka huko juu, taratibu, ikashuka ting. Ting. Ting. Mpira umerudi kwa wenyewe.

Papa Augustin akainuka, akanyoosha tai, na uso wake ulikuwa kama mlango wa biro ya serikali siku ya mapumziko.

"Wakristo wenzangu," alisema, "nimesikiliza kwa makini, kama ilivyo wajibu wangu. Nimesikia ngoma. Nimesikia bidoni, nimesikia na kitu kingine ambacho sikijui. Hadithi sikuisikia. Kwa hiyo neno la kamati linasimama."

Mguno ukapita uani. Myriam akaiweka chupa yake chini kwa uangalifu, kama inayoweza kuumia. Fanny alimtazama Mama Adrienne, naye alikuwa ameanza kuwaza mahali pa kushika kiti cha kwanza.

Lau Papa Augustin angeketi wakati ule, vita vingekuwa vyake, na habari hii isingesimuliwa. Lakini hakuketi. Alisimama akichezea kifungo cha koti, jambo moja likimkereketa, akajaribu kuliacha lipite, halikupita.

"Ila tu," alisema, akiwageukia watoto, "ila tu ule mpira haukutupwa kule juu. Hapo mmekosea. Muntu yuko katikati ya uwanja, yule mnyama amemfikia hapa, kwenye goti, na njo kwanza akautupa mpira nje, halafu akakimbia. Kwanza mpira. Mimi sikukimbia na mpira wa watoto mkononi."

Bendera ya parokia ilijipiga kwenye mlingoti wake, ikanyamaza.

"Papa," alisema Mama Constance nyuma yake, kwa upole ambao haukuwahi kusikika kwake, "kama hadithi haukuisikia, unasahihisha nini?"

Kicheko kilichofuata kilisikika, wanasema, mpaka kwenye gati, na wapakiaji wa mashua ya Kigoma wakasimama na magunia kichwani kuuliza ni harusi ya nani. Papa Augustin alikuwa mwekundu kuliko ndevu za Komanda. Kisha jambo likatokea ambalo Mama Adrienne hakulitegemea: pembe ya mdomo wa mzee ikacheza, upande mmoja tu, kama mlango ambao mtu ameusahau wazi.

"Nimesikia," alisema. "Haya. Nimesikia yote. Hata lile tofali lililochomoka mmeliweka."

"Hilo ni mimi nilikosea kopo," alisema Fanny.

"Usiseme umekosea. Lilichomoka kweli." Akavua koti, akamkabidhi mzee wa kwaya, akanyoosha mkono. "Lete hiyo ngoma. Na mwendo wangu pia haukuwa hivyo. Mnanipiga kama gari la mchanga."

Wakaipiga upya, mbele ya watu waliokataa kwenda nyumbani kula. Papa Augustin alipiga miguu yake mwenyewe kwenye ngoma kubwa, kwa heshima, kwa kujipa madaha zaidi kuliko aliyokuwa nayo siku ile. Na kwa sababu alikuwa akikanyaga chini huku akipiga, kwii ilijileta yenyewe. Fanny akakaa na kidole chake kilicholowa bila kazi, akimtazama kwa macho ya mtu anayekubali jambo bila kulipinga. Lilipofika chanuo, Ruben alisogea nyuma ya mgongo wa mzee, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akaipuliza. Mshika Funguo akaruka hatua mbili kabla ya kukumbuka kuwa ni karatasi. Ila mpira alikuwa ameshautupa kwanza, na ting ya Myriam iliuonyesha wazi, katikati ya uwanja, mahali pake pa haki. Watu wakashangilia hapo kuliko popote.

Mama Adrienne alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alikuwa amekuja kuokoa chumba, na sasa alimtazama mzee yule anayetoka jasho juu ya ngoma ya watoto, akajiambia kwamba Jumamosi ijayo atahitaji ndoo nyingine ya kumkalisha mzee.

Viti vilikwenda kwenye baraza ya Mama Constance, ambako kuna kivuli kizuri na mlinzi mwenye ndevu nyekundu asiyelala kazini, na mwenye harusi akivitaka inambidi aende kwa adabu.

Ndivyo chumba cha nyuma ya kanisa kilivyookolewa, enyi watu wa ukingo wa ziwa, si kwa damu bali kwa sahihisho moja. Na itajwe siku hiyo pamoja na siku kubwa za mji, siku ya treni ya kwanza na siku ya kila mafuriko. Tangu hapo watoto wa Mama Adrienne wamekuwa wakipita mitaani na vyombo vyao kutafuta hadithi, wakikaa kimya kando ya njia, vichwa upande, wakisikiliza. Nao wakubwa wa Kalemie, wenye biro na wenye maduka, wenye pikipiki na wenye mimbari, wakiiona bidoni ya njano imewekwa pembeni mwa barabara na mtoto ameketi nyuma yake, hushusha sauti, huwasalimu wake zao vizuri, hutembea sawasawa.